Masikio ya Harrier: ninavyobadilisha noki sensa

Harrier tako la nyani yenye injini ya V6 ikianza kugoma kuingia gia ya nne, mtu wa kwanza utakayemwonyesha atakuambia giaboksi imekufa. Atakuambia kwa sura ya msiba, na wakati huohuo ataanza kutafuta namba ya jamaa mwenye giaboksi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tukuyu alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya hiyo giaboksi kabla hajafika kijiweni kwetu hapa Sae, Mbeya. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha kwenye kile kiti cha IST tulichokigeuza sofa, nikafungua boneti, nikachukua kipande cha waya. Haikupita dakika tano, taa ya cheki injini ikapepesa mara tano, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili. Hamsini na mbili.

Giaboksi yake ilikuwa nzima. Kilichonyamaza ni noki sensa, kidude kinachoenea kwenye kiganja. Ng'ombe ndiyo walikuwa wameshakwenda.

Ninayoandika hapa ni kwa mwenye injini ya 1MZ-FE, ile V6 ya lita 3 iliyofungwa kwenye Harrier tangu zilipotoka mwaka 1997. Wenye silinda nne nitawagusa njiani. Kazi yao ni nyepesi, wasome tu wasituonee huruma.

Sensa yenyewe ni sikio. Ndani yake kuna kipande cha kauri ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo sana. Imefungwa kwenye bloku ili isikie injini inavyowaka. Kwa kawaida plagi ikitoa cheche, moto husambaa ndani ya silinda kwa utaratibu. Ila joto au mgandamizo ukizidi, au mafuta yakiwa dhaifu, hewa na mafuta ambayo moto haujayafikia hulipuka yenyewe. Bloku hulia kama sufuria iliyogongwa kijiko, mlio wa kilohezi 6 au 7 hivi. Wewe dereva utasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la maziwa. Sensa husikia kabla yako, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikachelewesha cheche kidogo, kokoto zikanyamaza.

Sasa sikio likifa, au waya wake ukikatika, kontroli boksi haiwezi kujua kama injini inagonga au haigongi. Inachukua njia ya mwoga: inachelewesha cheche muda wote, na kwenye hii 1MZ inafunga na ovadraivu, yaani ile gia ya nne. Ndiyo maana gari linakuwa zito, linakunywa mafuta, na hata barabara ikiwa tambarare mshale wa mizunguko unakaa juu kama uko gia ya tatu. Uko gia ya tatu kweli. Hapo ndipo giaboksi inasingiziwa.

Halafu kuna jambo la kwetu huku ambalo fundi wa Dar hawezi kukusimulia. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, silinda haijai kama inavyojaa ukiwa chini. Injini inayotaka kugonga huku hunyamaza. Ishushe Kyela, kwenye mita 500 hivi, pakia magunia, anza kupanda kurudi Tukuyu na joto lile, ndipo kokoto zinaanza. Kwa hiyo mtu akiniambia "fundi, gari langu linagonga nikitoka Kyela tu," sikimbilii sensa. Kwanza namuuliza mafuta aliweka wapi. Kama ni ya dumu, ya kando ya barabara, mara nyingi jibu liko humohumo, maana petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga hata kwenye injini mpya. Pia naangalia kama plagi ni za namba sahihi na kama rejeta inapoza vizuri.

Weka hili akilini kabla hujashika spana: kodi ya noki sensa, yaani namba ya kosa inayotolewa na taa, haisemi "injini inagonga." Inasema "sisikii." Injini inayogonga bila kodi ina masikio mazima na ugonjwa mwingine. Ukiibadilishia sensa umetupa hela.

Kusoma kodi, kwenye hizi za zamani tafuta kisanduku cheusi chini ya boneti chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Geuza kifuniko, ndani yake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, hesabu taa. 52 ni sensa ya kwanza, 55 ni ya pili. Kama kisanduku hakipo, tumia ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, unganisha pini ya 4 na ya 13, na uhesabu mara mbili kabla ya kuchomeka. Kwenye mashine ya kupimia utaona P0325 kwa upande wa injini ulio ukutani kwa dereva, na P0330 kwa upande wa rejeta. Iandike kodi kwenye karatasi. Usiifute ili "uone kama itarudi," maana gari likiwa silensa, limewaka bila kukanyagwa mafuta, hairudi. Mpaka injini izunguke kwa kasi ya safari, kama mizunguko 2,000 na kupanda, ndipo kontroli boksi inaanza kutegea sikio. Nimewaona watu wakifuta, wakashukuru Mungu, wakalipa fundi, taa ikawarudia wakiwa Igawilo.

Kinachofuata ni kujua kama mgonjwa ni sensa au ni waya, na hapa ndipo nawaomba muwe wavumilivu kuliko mahali pengine popote. Waya wa noki sensa siyo waya wa kawaida. Umevikwa wavu wa nyuzi za chuma kuukinga, kwa sababu umeme unaopita ni mdogo mno, na waya wa koili ukiwa jirani unaweza kuuvuruga. Kwenye 1MZ kipande cha waya kinachoingia chini ya manifoldi, yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, hupikwa na joto miaka yote hiyo, mpaka ganda linakuwa kama mkate mkavu. Kabla sijafungua chochote huwa nabadilishana waya mbili za sensa kule kwenye kontroli boksi. Ramani inaziita KNKL na KNKR. Kodi ikihama kutoka 52 kwenda 55, kontroli boksi ni nzima na tatizo liko chini, kwenye waya au sensa. Isipohama, simama hapo, manifoldi haina kosa.

Wenye silinda nne mna nafuu. Sensa yenu iko ubavuni mwa bloku, chini ya manifoldi ya hewa, na nyingi za siku hizi ni zile bapa zenye tundu katikati, zinazoshikwa na bolti. Pima kwa mita kati ya pini zake mbili ikiwa ya baridi. Nzima husoma kati ya kiloomu 120 na 280. Ile ya kizamani ya 1MZ, yenye pini moja na inayojisokota yenyewe kama plagi, hupimwa tofauti: kati ya pini na mwili wake kusiwe na mawasiliano kabisa. Mita ikilia, itupe.

Nikiri dhambi yangu hapa. Mwaka 2014 mjomba alikuwa na Harrier ya V6, anakwenda nayo Kyela kuchukua mchele. Kodi ilikuwa 52. Nilikuwa kijana, sikutaka kufungua manifoldi, nikafanya ujanja uliozoeleka: nikafunga sensa ya mtumba nje kabisa, kwenye bolti iliyokuwa inashika kishikio cha waya, nikavuta waya mpya, taa ikazima, ovadraivu ikarudi. Mjomba akanisifia mbele ya watu. Miezi minne baadaye, akipanda na magunia manne nyuma, pistoni moja ikavunjika kingo za ringi. Sensa niliyoining'iniza ilikuwa inasikia upepo. Kontroli boksi iliamini mambo shwari, ikawahisha cheche, injini ikagonga njia nzima na mjomba akaongeza sauti ya redio. Injini niliilipa kwa kufanya kazi bure mpaka mwaka ukaisha. Ukisikia fundi anasema "tunaihamishia nje, ni hivyohivyo," chukua ufunguo wako uondoke.

Haya, tufungue. Gari lilale usiku, injini ipoe kabisa. Chomoa relei ya pampu ya mafuta, washa, liache lizime lenyewe, ndipo utoe terminali ya hasi ya betri. Mwaga maji ya rejeta lita mbili tatu kwenye beseni safi, yanarudi. Mpira wa hewa unatoka, kebo ya throto inatoka, mipira miwili midogo ya maji chini ya throto inatoka, na kila soketi ya umeme inayopita juu ya manifoldi. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Mimi nafunga na vipande vya tepu vyenye namba kwenye mipira ya vakyumu, maana simu ikiisha chaji saa kumi jioni huna pa kuchungulia.

Manifoldi ya juu inashikwa kwa bolti za aleni namba 8 na nati. Mbele huku hakuna shida. Nyuma, upande wa ukuta, kuna vishikio ambavyo huvioni, unapapasa tu kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Kama yako ina bomba la EGR, lile linalorudisha moshi kwenye injini, lipulizie dawa ya kutu jana yake. Ukishainua manifoldi ya juu, plagi tatu za nyuma ziko wazi mbele yako, zile ambazo mafundi wengi huziruka wakidai wamebadilisha zote. Weka mpya leo. Za Mwalimu zilikuwa na umri wa gari.

Manifoldi ya chini mimi naitoa pamoja na bomba la mafuta na nozeli zake, bila kuzigusa. Legeza bolti kidogokidogo kwa kupishanisha, usimalize moja kwanza. Lakini kabla hujainyanyua, puliza hewa ya kompresa au fagia kwa brashi pembeni yote. Uchafu ulioko pale juu ukiingia kwenye matundu ya silinda umejitafutia kazi nyingine.

Sasa utaona bonde. Silinda tatu huku, tatu kule, katikati kuna korongo, na sensa mbili zimekaa chini humo. Ya Mwalimu ilikuwa imejaa. Nilitoa magunzi matatu, manyoya, karatasi za risiti, nusu ya kandambili ya mtoto, na punje za mahindi zilizokauka kwa joto mpaka zikawa kama bisi zilizokataa kupasuka. Panya huku kwetu baada ya mavuno hutafuta pa joto, na mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza hakuna pa joto kushinda bonde la V6 lililoegeshwa jioni karibu na ghala. Waya wa sensa ya kwanza ulikuwa umekatwa safi, meno yanaonekana kabisa kwenye ganda. Sensa yenyewe nilipoipima ilikuwa nzima! Nilimwita Mwalimu aje aone. Aliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe namfuga mwenyewe."

Usianze kutoa takataka kabla hujaziba matundu. Vitambaa safi, sita, kimoja kila tundu, na uvihesabu kwa sauti mbele ya msaidizi wako. Vikitoka, vihesabiwe tena. Halafu toa uchafu, puliza, pangusa.

Soketi za umeme za sensa ni plastiki ya zamani, na asubuhi ya baridi ya Mbeya hukatika kama biskuti. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kifunike soketi dakika mbili, ndipo ubonyeze kikufuli chake. Sensa inataka soketi ndefu ya spana. Saizi ipime kwenye sensa mpya uliyonunua kabla ya kuanza kazi, siyo ukiwa umeinama na gari limefumuka. Isokote taratibu. Ikigoma, dawa ya kutu na chai.

Mahali sensa inapokaa pawe chuma kitupu, kisafi, kikavu. Kutu ifutwe kwa brashi ya waya. Usiweke tepu nyeupe ya mafundi bomba, usiweke silikoni, usiweke grisi. Sikio lazima liguse ukuta wa nyumba ili lisikie, ukiweka godoro katikati halisikii. Na ile sensa mpya ikikuponyoka ikaangukia saruji, ichukulie imekufa hata kama haina alama, kauri ya ndani haionekani.

Kukaza ndiko kunakoharibu kazi za watu. Hii ya kujisokota hukazwa kwa nyutoni-mita 39, ile bapa ya bolti kwa 20. Ikilegea haisikii, ikikazwa kwa hasira inasikia visivyo. Kama huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, azima. Hapa Sae tunayo moja tunayoazimana mafundi wanne, na anayeichukua anaacha simu yake. "Mkono wangu unajua" ni maneno ya watu ambao magari yao hayarudi kwa sababu wenyewe wamehama.

Badilisha sensa zote mbili pamoja na kipande cha waya cha chini, hata kama kodi ni moja. Kulifikia lile bonde ndiyo kazi yenyewe. Sensa ya pili ina umri uleule na imepikwa na moto uleule. Ya Mwalimu niliweka waya mpya na sensa mpya mbili, zile kuukuu nikamfungia kwenye mfuko wa plastiki aende nazo. Spea kuukuu ni mali ya mwenye gari. Ukiona fundi anaficha, jiulize.

Kuhusu mpya: chukua iliyo na namba ileile ya spea yako na uilinganishe kwa macho: urefu, nyuzi za skrubu, umbo la pini. Zinazouzwa rahisi sana, nyingi nimeziona zikizima taa wiki mbili tu. Ya mtumba iliyotoka kwenye injini iliyochinjwa naikubali kama nimeipima na nimeona ilipotolewa, ila kwa kazi ya kufumua hivi mimi napendelea mpya.

Kurudisha ni kurudi nyuma kwa picha zako. Gasketi za manifoldi mpya, juu na chini. Nyuso zikwanguliwe kwa plastiki au kipande cha mbao, aluminiamu ni laini, bisibisi itaichimba na hewa itaanza kuvuja hapo. Manifoldi ya chini haitaki nguvu, nyutoni-mita 15 tu, ukianzia katikati kwenda nje. Waya mpya wa sensa ubanwe kwenye vishikio vyake usije ukalalia chuma cha moto. Vitambaa sita vimetoka? Hesabu tena.

Kabla ya kuwasha, weka swichi ON mara tatu nne ili pampu ijaze bomba, kisha chungulia na kunusa. Petroli ikitiririka kwenye injini ya moto hakuna wa kusimulia. Ikiwa kavu, washa. Jaza maji huku hita ya ndani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, mpaka itoe joto kweli, ujue hewa imetoka. Na kifuniko cha rejeta kiwe kizima: kwa mwinuko wetu maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ni kifuniko kinachoyazuia. Injini inayochemka hugonga, na tutakuwa tumerudi tulikoanzia.

Futa kodi, nenda barabarani. Mimi huchukua ya Iringa: napanda Mlima Nyoka nikiwa nimekanyaga ili sikio lipate kitu cha kusikiliza, nateremka Inyala, halafu naipima ovadraivu kwenye tambarare ya Igurusi kuelekea Chimala. Kwenye vijiji kumbuka 50, wazee wa tochi hawajali kwamba unajaribu sensa. Mwalimu aliendesha mwenyewe, mimi nikiwa kushoto na macho kwenye mshale. Kwenye 80 gia ikabadilika kwa upole, mshale ukashuka, kelele za injini zikapungua ghafla mpaka tukasikia saa yake ya mkononi. Hakusema kitu mpaka Chimala. Pale akanunua mahindi ya kuchoma mawili, akanipa moja, akasema, "Hili ni lako. Yule mwingine nitamtafutia sumu."

Siku tatu baadaye alirudi na mkungu wa ndizi. Injini ilikuwa ya baridi. Nilifungua kifuniko cha rejeta, maji yalikuwa yamepungua kama kikombe kimoja, nikaongeza, nikapitisha toki renchi kwenye nati za manifoldi ya juu. Moja ilisogea kidogo.